Maboya Manne

Nyumba ya Baba,
Nyuma ya soko la samaki.
9 Juni

Mpendwa kaka,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mguu umepona, au bado unachechemea na kujifanya mzima? Sisi hatuumwi, ila mama ana kikohozi kidogo. Mengine si mazuri, nitakueleza yote.

Unaukumbuka mwamba wa baba, ule ambako samaki aina ya chewa hukusanyika mara moja kwa mwaka kutaga mayai. Katika miaka yote ya uzamiaji wake hakumwonyesha mtu, hata wewe uliyemganda kama kupe. Nilipoajiriwa na hifadhi ya bahari nikaanza kumbembeleza mimi. Nilimwambia tukiujua tutaulinda. Alikataa miezi mitatu, kisha akanipeleka.

Tukauzungushia maboya manne ya manjano, kuonyesha kuwa ni marufuku kuvua hapo. Ofisini nilipigiwa makofi, nikavimba kichwa.

Kaka, boya huonekana kutoka mbali. Waliokuwa wakiutafuta mwamba ule miaka nenda miaka rudi, sisi tuliwawekea alama. Msimu uliopita injini ya boti ya doria iliharibika wiki mbili, na wiki hizo zikawatosha. Nilipita sokoni nikakuta chewa majike wanapasuliwa, mayai yanatupwa mtaroni. Nililia mbele ya wachuuzi, wala sikuona haya.

Baba hakunigombeza. Aliacha tu kuniita Karani, jina lake la kunitania, na hilo limeniuma kuliko matusi.

Juzi msimu ulipofika aliniomba nimpeleke. Alizama mara tatu, na umri ule. Alipopanda mashuani alingoja pumzi itulie, kisha akasema, "Wamebaki saba. Safari hii usimwambie mtu."

Ripoti yangu inatakiwa Jumatatu. Nimeandika kwamba hakuna samaki hata mmoja. Mwamba usio na samaki haulindwi, kwa hiyo maboya yatang'olewa, na kazi yangu itakwenda nayo kwa sababu siku hizi nalipwa kwa ajili ya kuulinda mwamba huo. Naogopa sana. Sijui kama nawaokoa wale saba au ndiyo nawamaliza.

Nisalimie wifi na wale mapacha wasiolala. Mama anakuombea uamke salama kila siku huko uliko, nami naitikia amina.

Tumekuwa watatu sasa tunaojua idadi yao. Ukimaliza kusoma, ichane barua hii.

Mdogo wako akupendaye