Zamu Yako ya Machela, Papa

Papa mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sina haja ya kuificha. Jana walikuja hapa kwetu Kamembe wale watatu uliokuwa ukibeba nao machela kule kijijini, ng'ambo ya mpaka. Walikunywa chai ya Mama, kisha wakasema yafaa Jumamosi tuondoe matanga yako. Eti familia ipumzike. Nani kawaambia tumechoka kukungoja?

Unakumbuka ile machela ya mianzi? Gari halikufika kule mlimani, kwa hiyo kila mgonjwa alishushwa mabegani mwa wanaume wanne hadi kituo cha afya. Zamu yenu ikifika hamkuuliza mgonjwa ni ndugu au ni mtu mliyegombana naye. Ulikuwa ukirudi bega limechubuka, Mama akikukanda kwa mawese, nawe ukimlalamikia mgonjwa mzito, "Ule maman anakulaka bugali ya mulima muzima." Tulicheka mpaka Mama akakasirika.

Siku bunduki zilipoingia kijijini tulikimbia sote. Tulikuwa tumeshalikaribia daraja la mto Rusizi mtu aliposema kuwa yule bibi aliyevunjika mguu ameachwa kitandani. Ilikuwa zamu yenu. Mama alikushika koti, nami nikakulilia. Ukaniambia, "Siwezi kumuacha ule maman. Benzangu banakuya nyuma."

Hawakuja. Walivuka daraja nyuma yetu kidogo, magodoro kichwani. Wewe hatujakuona tena, wala yule bibi.

Wale wenye bunduki nawalaani kila asubuhi, ingawa hata sura zao sizijui. Lakini hawa watatu nawajua. Hupita sokoni ninapouza sambaza, vile visamaki vya ziwani, wakaniuliza kama watoto hawajambo, nami huitikia huku moyo unachemka. Nawe pia nakukasirikia, Papa. Mtu mzima kama wewe, ulidhani machela ingebebwa na mtu mmoja? Uliwaamini kwa sababu wewe mwenyewe hukuwahi kukosa zamu.

Mama amekubali. Anataka kunyolewa nywele kama desturi yetu inavyotaka, apate walau usingizi. Siwezi kumnyima. Ila niliwaambia wale wageni kwamba Jumamosi, watu wakisimama kusimulia habari zako, wao pia watasimama waseme walikuwa wapi. Wawili waliinamisha vichwa. Yule mkubwa wao aliweka kikombe chini, akasema polepole, "Tulimusikia anatuita. Tulijifanya hatumusikii."

Mama alitoka nje. Miaka yote hii nilijua hawakukufuata, lakini sikujua kuwa uliwaita.

Basi Jumamosi yule mkubwa wao atayarudia maneno hayo mbele ya watu wote, na Mama atanyolewa. Mimi sinyoi, Papa. Sijamaliza kukulilia.

Ulale salama popote walipokuacha.

Binti yako wa kwanza