Mijusi Wenye Nukta

Jumatatu, 1 Februari

Nimepeleka maombi leo. Shahada ya uzamivu, Idara ya Ikolojia na Mageuko ya Viumbe. Karani wa udahili alizitazama mvi zangu, akauliza kama ninamwombea mjukuu. Nikamjibu kwamba mjukuu wangu yuko darasa la pili na bado anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Akakohoa, akanipa masharti.

Vyeti halisi na nakala zake. Pendekezo la utafiti. Barua mbili za walimu walionifundisha shahada ya uzamili — hao wapo, wote wawili wadogo kuliko binti yangu. Na barua ya tabia njema kutoka kwa mkuu wa mahali nilipofanya kazi mwisho. Hapo pana mushkeli. Sayansi nimeianza baada ya kustaafu, kama wengine wanavyofuga kuku. Kabla ya hapo nilifundisha sarufi, nikamalizia kuwa mwalimu mkuu. Mkuu wangu ni mimi!

Jumanne, 2 Februari

Barua nimeiandika. Nimejitendea haki: hodari, mwaminifu, hachelewi, ulimi wake mkali kidogo. Mzee wangu aliisoma akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Akasema hilo neno "kidogo" ni upendeleo, bibie, na wakigundua watanifukuza kabla hawajaniingiza.

Alhamisi, 4 Machi

Usaili. Meza ndefu, maprofesa wamejipanga, na katikati yao mwenyekiti — Kifutio! Yule mtoto aliyekuwa akila vifutio darasani kwangu. Sasa ana kitambi na ni profesa. Nilipoingia akasimama wima: "Shikamoo, Mwalimu!" Wenzake nao wakasimama, bila kujua kwa nini. Nikawaambia wakae. Wakakaa.

Akanisomea masharti ya kumaliza huku akijipangusa jasho. Kozi, takwimu ikiwemo. Mtihani wa jumla. Kufundisha muhula mmoja. Makala moja katika jarida linalotambulika. Semina ya wazi. Tasnifu, na kuitetea mbele ya mtahini wa nje. Nikauliza, na kwaya je? Akaangalia tena karatasi yake, kuhakikisha.

Nimekubaliwa. Msimamizi wangu ni Kifutio mwenyewe. Nasikia hakuna mwingine aliyethubutu.

Jumamosi, 21 Agosti

Utafiti umeanza, tena nyumbani mwangu. Swali ni moja: mjusi kafiri, huyu mweupe wa ukutani, ana kwao? Hukaa ukuta ule ule mwaka hadi mwaka, au ni mzururaji? Watu huwafagia tu. Hakuna aliyewauliza.

Taa zikiwashwa wanatoka kula wadudu. Namfunika mmoja kwa kikombe, nateleza karatasi chini yake, nampaka nukta za rangi ya kucha mgongoni, nampiga picha, namwachia. Kila mmoja na mpangilio wake wa nukta. Akianza kupauka, namweka kwenye boksi mpaka ajivue ngozi, kisha namrudishia nukta zake. Nimewapa majina ya kazi. Mkaguzi anakaa juu ya taa ya sebuleni. Anatembea polepole, anasimama, anatikisa kichwa, hajaridhika. Karani yuko jikoni, na ukimhitaji hayupo.

Nukta zangu zimepindapinda. Mkono unatetemeka. Mzee wangu akaomba anisaidie, nikamkatalia: sharti ni mtahiniwa afanye kazi yake mwenyewe. Amenuna. Mtu aliyeandika vibao vya maduka yote ya mtaa huu, kila herufi na kivuli chake chini upande wa kulia! Hata namba ya mlango wetu ina kivuli.

Jumatano, 25 Agosti

Karani haonekani. Nimemtafuta nyuma ya jokofu, nyuma ya kabati, ndani ya birika. Chakula hakikupita. Nimemwambia mzee wangu kwamba utafiti wa watu wote huanguka hivi hivi, mjusi mmoja mmoja. Sikulia. Kitunguu.

Ijumaa, 27 Agosti

Karani amerudi! Yuko pale pale juu ya jiko, nukta zake zote, kama mtu aliyekwenda likizo. Amenenepa hata. Nimekula sahani mbili. Mzee wangu amefurahi kuliko mimi, akasema si nilikwambia, bibie, mjusi hasahau kwao.

Hiyo sentensi ya mwisho nimeiweka katika sura ya kwanza.

Jumatatu, 6 Machi

Muda mrefu sijaandika humu. Takwimu zilinila nyama zikabakiza mifupa. Lakini mtihani wa jumla nimefaulu, katika jaribio la pili. Muhula wa kufundisha nimeumaliza. Vijana wa mwaka wa kwanza sasa husimama nikiingia, hata kantini, hata wakiwa na supu.

Na leo — makala yamekubaliwa! Nimeonyesha kwamba mijusi wa nyumba hii hawahami na hawapotei. Akitoweka mmoja, baada ya siku mbili tatu anarudi ukuta wake. Tangu nianze sijampoteza hata mmoja. Mhariri ameandika kwamba uaminifu wa namna hii haujapata kuonekana popote. Haujapata kuonekana! Nimemsomea mzee wangu mara tatu. Akanywa maji yakampalia.

Rangi nyekundu imekwisha tena. Wajukuu hao.

Jumapili, 11 Februari

Mkaguzi amepigana na mgeni wa dirishani. Mkia umekatika, ukabaki ukichezacheza juu ya zulia. Binti yangu alipanda juu ya kiti, mtu mzima na watoto wake. Mkaguzi mwenyewe akarudi juu ya taa na kipisi chake, hajaridhika vile vile. Nimempiga picha.

Jumanne, 13 Februari

Mkaguzi haonekani. Mzee wangu amekwenda kwa jirani kuazima ngazi. Amekaa huko sana kwa mtu aliyekwenda kuazima ngazi, na amerudi bila ngazi, na kikombe mfukoni.

Alhamisi, 15 Februari

Siamini macho yangu. Mkaguzi yuko juu ya taa. Nukta nyekundu, nyeupe, nyekundu. Na mkia — mzima! Mrefu, umechongoka, haujawahi kuguswa! Mkia wa mjusi huchukua majuma kuota, na huota mbaya, kama kidole gumba. Huu umeota kwa siku nne, na ni mzuri kuliko wa mwanzo.

Hii si sura. Hii ni dunia nyingine ya sayansi.

Ijumaa, 16 Februari

Nimempelekea Kifutio picha mbili, ya kipisi na ya mkia. Akazitazama mpaka chai yake ikapoa. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani, huenda basi, Mwalimu, kwa heshima zote, huyu ni mjusi mwingine?

Nikamuuliza nani basi aliyempaka nukta. Alijipaka mwenyewe?

Akasema hapana, Mwalimu. Nikamwambia akae sawa, asiinamie meza. Akakaa sawa. Mkia umeingia katika sura ya mwisho.

Jumatatu, 20 Mei

Semina ya wazi imepita salama. Ukumbi ulijaa. Mtu mmoja aliinua mkono kuuliza habari ya mkia, Kifutio akamwambia muda umekwisha. Ulikuwa haujaisha.

Nyumbani mzee wangu ananiuliza kila siku kama huyo mtahini wa nje ni mkali. Nikamwambia anasifika kwa hilo. Usiku huu hakumaliza mchezo wa redio aliokuwa akiusikiliza. Hii hali si yake.

Alhamisi, 20 Juni

Ninaandika kwenye benchi, nje ya chumba cha utetezi. Tumepewa mapumziko mafupi. Niyaandike upesi.

Nilianza vizuri. Sauti ilitoka, mkono haukutetemeka. Mzee wangu alikuwa safu ya nyuma na suti yake ya harusi ya binti yetu. Mtahini wa nje ni mama mwembamba, miwani kwenye ncha ya pua. Alisikiliza yote bila kuandika kitu. Kisha akaomba picha mbili za Mkaguzi zirushwe ukutani, kubwa, kubwa zaidi, mpaka mjusi akawa kama mamba.

Akasema hana swali kuhusu mkia. Swali lake ni dogo. Picha ya kwanza, nukta zimepindapinda. Ya pili, zimenyooka, duara kamili. Tena kila nukta, chini upande wa kulia, ina kivuli. Angependa mtahiniwa amweleze: kivuli cha nini?

Kifutio akaanza kutafuna kalamu.

Mimi niligeuka. Safu ya nyuma, mzee wangu alikuwa akiisoma dari kana kwamba ina maandishi. Mji mzima huu una mtu mmoja tu anayeweka kivuli chini upande wa kulia!

Nikaomba mapumziko.

Sasa yuko hapa kando yangu, kofia magotini. Amesema yote bila kuulizwa. Mkaguzi alibanwa na dirisha. Yeye ndiye aliyelifunga. Akaenda kumkamata mwingine jikoni kwa jirani. Kivuli hakukikusudia, amesema. Mkono ulikwenda wenyewe. Nukta isiyo na kivuli inaonekana haijaisha.

Nikamuuliza kwa nini.

"Ile siku ya Karani hukula, bibie. Uliniambia kitunguu. Nyumba haikuwa na kitunguu."

Sijui nimpige au nimshike mkono. Nimemshika mkono. Nimemwambia nitaingia mle ndani niseme ukweli: mjusi mmoja ni wa bandia, nimwondoe, tasnifu itapona, mmoja haharibu kitu. Sharti la kwanza la msomi ni ukweli, hata kabla ya makala. Akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Lakini hakusimama.

Nikamuuliza: ni huyo mmoja tu, siyo? Na Karani?

Ameanza kuhesabu kwa vidole. Midomo inacheza, hatoi sauti. Mkono wa kulia umekwisha. Wa kushoto umekwisha.

Mlango umefunguka. Kifutio ametoa kichwa, anasema karibu, Mwalimu, wanakusubiri. Mzee wangu hajamsikia. Ameushika mkono wangu wa kushoto, ule nisioandikia, anaukunjua kidole kimoja kimoja, na yuko kwenye kidole cha —