Tyubu ya Picha ya Kina Mama wa Koboko

Jumatatu, 13 Januari

Nimefungua kibanda mapema. Vumbi juu ya kila kitu, kama kila Januari. Nimefuta meza, jiriwa, miwani. Redio mbili za watu wa Abuku zimepona, zinasubiri wenyewe. Kisha kompyuta ya kina mama wanaofuma sweta za shule.

Wameileta kwa toroli, imefunikwa khanga kama mgonjwa. Ni ya zamani sana, ya aina ile ambayo kioo na mwili ni kitu kimoja. Rangi yake ya maziwa yaliyochacha. Masista waliwaachia walipoondoka, pamoja na mashine ya kufuma sweta. Kompyuta ndiyo inayoiambia mashine wapi pa uzi mwekundu na wapi pa mweusi. Bila kompyuta, mashine inafuma sweta tupu, hakuna ndege, nembo ya shule, kifuani. Vijana wenye kompyuta za kisasa walijaribu. Zao hazina tundu la waya wa mashine hii.

Ugonjwa wake: picha yote imejikunja, umebaki mstari mmoja wa kijani katikati ya kioo. Naujua. Nimeutibu kwenye televisheni za watu wa Bunia tangu nikiwa kijana, kabla vita havijanitoa huko. Ni lehemu iliyopasuka mahali fulani.

Shule zinafunguliwa mwezi ujao. Mama Zamzam, mwenyekiti wao, si mtu wa maneno mengi. Amesema: "Mzee, sweta isipotoka sasa, shule itapeleka kazi Kampala. Ikienda, hairudi." Akaondoka na toroli lake.

Nimefurahi kuliko inavyostahili. Muda mrefu nimekuwa fundi wa chaja na tochi.

Jumatano, 15 Januari

Nimeivunja.

Niandike kwa utaratibu. Bodi iliyopasuka lehemu imefungwa nyuma ya tyubu, ile chupa kubwa ya kioo inayotoa picha, kwa hiyo tyubu ilibidi itoke. Kwanza nilitoa umeme unaobaki umelala ndani yake hata waya ukichomolewa: bisibisi, waya wa ardhi, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na ndiyo maana ni mzima. Nikaona ufa kwenye lehemu, mwembamba kama unywele. Nikalehemu upya. Kazi safi. Kijana wa macho mazuri asingeifanya vizuri zaidi.

Nikaikumbatia tyubu kwa mkono wa kulia ili niirudishe. Uso wake kifuani kwangu, shingo yake ya kioo nje. Shingo ni nyembamba kama kidole. Ndipo Haji Swaleh alipoingia.

Haji ni kaka yake Mama Zamzam. Nilipofika Koboko na mfuko wa bisibisi na binti mmoja, mkono wa kwanza ulionipokea katika nchi hii ulikuwa wake. Kibanda hiki ni ukuta wake na bati lake. Akanyoosha mkono wa salamu, kama anavyofanya kila anapopita.

Wa kushoto haupewi mtu, sembuse Haji. Ningeweza kusema subiri. Sikusema. Niliihamishia tyubu mkono wa kushoto, ule wenye vidole viwili visivyokunjika tena, nikampa wa kulia. Shingo ikagusa jiriwa la chuma pale mezani.

Mlio mdogo. Kisha mvumo, kama mtu anayevuta pumzi kupitia meno. Hewa ikiingia.

Haji hakusikia. Aliuliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri. Za binti. Nzuri. Za shamba. Jua tu, nikasema. Muda wote nilikuwa naangalia lile doa la fedha lililoko ndani ya kioo, ambalo ndilo hulinda utupu wa tyubu. Lilikuwa linageuka jeupe kama maziwa. Likiwa jeupe, tyubu imekufa. Hakuna dawa.

Akaniambia kazi njema.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekwenda kwa kina mama mwenyewe, kabla hawajaja. Nimesema tyubu imevunjika na aliyeivunja ni mimi. Mama Zamzam ameuliza imevunjikaje. Nimesema iliniponyoka. Akaendelea kuzungusha uzi kwenye kidole. Ningependa angefoka.

Haji alikuwa amekaa pale na kikombe cha kahawa ya tangawizi. Amesema mbele ya wote: "Si nilisema? Huyu iko fundi ya redio. Kompyuta iko kitu ingine. Mutoto ya dada yetu ingine iko Kampala, anajua hii kazi." Kuna lori la rafiki yake, linatoka Jumamosi ya wiki ijayo. Kompyuta ipande.

Mmoja wa kina mama alicheka kidogo, si kwa ubaya. Masikio yangu yaliwaka moto.

Mama Zamzam amekata: "Mpaka lori itoke, iko kwake." Haji akasema sawa, lakini ifungwe vizuri kabisa, maana fundi wetu iko na mikono ya sabuni. Hapo wakacheka wote.

Najua maana ya lori hilo. Kompyuta haitarudi kabla ya shule kufunguliwa, kazi ya wanawake wale itakufa, na mimi nitarudi kwenye tochi.

Ijumaa, 17 Januari

Habari imefika Lobule, kambini tunakoishi, kabla yangu. Nilipoegesha baiskeli, binti yangu Noela alikuwa amekwisha kusikia habari za mikono ya sabuni. Amekasirika kwa niaba yangu. Nikamweleza yote, yeye peke yake.

"Baba, waambie. Haji ndiye alileta mkono."

"Mkono wa salamu haushtakiwi," nimemjibu.

"Na wewe ushtakiwe?"

Nikamwambia mkono ulioshika tyubu ulikuwa wangu. Haji akijua, atasimama mlangoni kwangu kila siku akijiuliza kama aingie. Mimi ni mgeni hapa. Sitamfundisha mwenyeji kuogopa kunisalimu.

Noela amesema hicho ni kiburi. Ndiyo. Ni kiburi. Sina vitu vingi nilivyotoka navyo kwetu.

Jumamosi, 18 Januari

Arua. Nimezunguka mpaka miguu imevimba. Maduka yote yana vioo bapa. Kijana mmoja aliniuliza kama tyubu ya picha ni kitu cha baiskeli.

Nyuma ya soko nimepata wauza vyuma chakavu. Televisheni za zamani wanazo, zimelala kwa ubavu kama ng'ombe waliokufa kwa ukame. Zote zimepasuliwa. Wanataka shaba ya koili, kioo wanakivunja kwa nyundo. Nimesimama juu ya vipande. Zilikuwa tyubu nzuri. Nimekasirika, kisha nimeona haya kukasirika, mimi niliyevunja ya watu.

Mzee mmoja pale amesema nijaribu Vurra, mpakani. Zamani madereva walikuwa wakilala njiani na televisheni ndogo za betri.

Jumapili, 19 Januari

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu pini za tyubu kichwani.

Jumatatu, 20 Januari

Vurra. Malori yamepanga foleni ya forodha, madereva wamelala chini ya magari. Nimekwenda kibanda kwa kibanda na kamba niliyopimia kioo kilichovunjika. Nilikuwa kama fundi cherehani asiye na mteja.

Mama mmoja muuza wali, mtu wa Aru, ng'ambo ya mpaka, anayo. Televisheni ndogo nyeusi, ya picha nyeupe na nyeusi, ameitumia miaka kuwekea sufuria. Amecheka nilipopima uso wake kwa kamba. "Papa, hiyo ilikufaka zamani. Sasa kila mutu anaangalia mu telefone." Nimemwomba nijaribu. Nimeunga betri ya dereva mmoja kwenye nyaya za shingoni, nikakinga kwa kofia kuzuia jua. Uzi mdogo ndani ya shingo ukawaka rangi ya chungwa. Doa la fedha bado ni la fedha. Tyubu i hai.

Hakutaka fedha. Alitaka redio yake iseme. Nimekaa juu ya gunia na kuitengeneza, waya mmoja tu. Ikatoka sauti ya Bunia. Muziki, kisha mtu akatangaza matanga ya familia nisiyoijua, mtaa ninaoujua.

Barabara ya kwetu iko pale pale, ng'ambo ya kizuizi. Vumbi jekundu, mama mmoja na ndoo, mbuzi. Mama wa wali akauliza mbona sivuki, hata nikanyage tu. Nimesema nina kazi Koboko. Ilikuwa kweli. Nimeondoka nimeikumbatia televisheni, sikugeuka nyuma.

Jumatano, 22 Januari

Nimefunga mlango wa kibanda kwa ndani. Sijawahi kufanya hivyo. Aliyebisha amesikia kikohozi changu akaenda zake. Anisamehe.

Tyubu ya Vurra ina masikio ya kufungia tofauti, haikai kwenye fremu. Nimekata debe la mafuta ya msaada, nikakunja masikio mapya. Koili za shingoni ni zile zile za kompyuta, hizo hazikuumia. Nimezivalisha taratibu, mkono mmoja, tyubu imelala uso chini juu ya blanketi, si mikononi mwa mtu.

Umeme wa mji haupo.

Alhamisi, 23 Januari

Umeme umerudi alasiri. Nimewasha. Picha ikajaa kioo chote, lakini juu chini. Herufi zimesimama kwa vichwa. Nimecheka peke yangu kama kichaa, maana herufi zilizosimama kwa vichwa ni herufi zilizo hai. Nimezima, nimezungusha koili. Umeme ukakatika tena.

Lori ni kesho kutwa. Naogopa. Nimeifunika kwa koti langu.

Ijumaa, 24 Januari

Imewaka.

Kina mama walikuja baada ya swala ya Ijumaa. Haji pia, na kamba za kufungia kompyuta juu ya lori. Nimewasha mbele yao. Kioo kikapata joto pole pole, kisha herufi zikatoka, zimenyooka, kali, hazitetemeki.

Mama Zamzam ameinama karibu kabisa. "Mzee, ile rangi ya kijani ilienda wapi?"

"Ilibaki na ile niliyovunja. Hii inaandika nyeupe."

Amebonyeza vitufe, akamwita ndege wa shule. Akaja mstari kwa mstari mpaka akasimama mzima kwenye kioo. Amesema nyeupe iko sawa, macho yake yamezeeka, kijani ilikuwa inamsumbua tangu zamani na hakuwa na wa kumwambia.

Haji amezunguka kompyuta yote, ameona masikio ya debe, amesoma maandishi ya msaada yaliyobaki juu yake. "Nani alifanya hii?"

"Mimi."

"Fundi ya redio," amesema, akatikisa kichwa. Hakuomba radhi, si desturi yake, wala sikuitaka. Ameviringisha kamba zake upya. Nje nimemsikia akimwambia dereva kwamba hakuna mzigo wa Kampala, mzigo umepona.

Hakuna aliyeniuliza tena jinsi ilivyovunjika. Sitasema. Nimevunja kitu ambacho hakitengenezwi tena popote duniani, na kabla ya lori kutoka nimekirudisha kikiwa hai, na hakuna mtu niliyemtupia lawama. Najivunia. Nimeandika neno hilo na silifuti.

Jumatatu, 10 Februari

Baridi ya asubuhi. Nimekaa nje Lobule, nikisubiri maji ya chai. Shule zimefunguliwa.

Watoto wamepita kwa makundi, wengine wamebebwa kwenye baiskeli. Sweta mpya, ndege kifuani. Msichana mmoja mdogo amepewa kubwa mno, mikono imemzidi mpaka viganja havionekani. Alisimama njiani, akavuta ukosi mpaka puani, akaunusa uzi mpya. Kisha akakimbia kuwafikia wenzake.

Noela ameleta chai. Tumekunywa tukiwaangalia wakipita.