Jina la Furaha kwenye maikro

Alhamisi, usiku

Mimi ni mutu wa bahati. Lava ya volkano ilisimama mbele ya mulango wangu, na leo tena nimeshinda slam, shindano la mashairi, pale baa ya Mabanga.

Kila Alhamisi tunaanza kwa kuita jina la Furaha. Dada huyo alikuwa ananishinda kila wiki, mpaka vita vikafika Kibumba naye akapanda kule kumutafuta mama yake. Tunaita, hakuna anayejibu, tunaendelea. Mimi huwa naangalia bia yangu, maana nilishaanza kufikiri kwamba...

Leo muzee mwenye baa ameita, na sauti ikajibu kwenye mulango: "Niko."

Furaha, muzima, amekonda, amemushika mama yake mukono. Akanitafuta kwa macho.

"Papa Champion, nasikia siku hizi unashindaka viti vyenye havina watu."

Baa nzima ikacheka. Zamu yangu ilipofika, shairi lote lilikuwa limenitoka kichwani. Nikasimama pale kwenye maikro, nacheka na kulia pamoja, kama mujinga.

Ile ya kushinda niliyoandika pale juu ni uongo. Ameshinda yeye, kama zamani.