Gari Lako la Mashindano Limefika Lodwar

Mjomba,

Habari za Nakuru na za gereji? Mimi ni mzima, ila jua la Lodwar limenikaanga na hiyo picha yako imenichosha kabisa. Umenituma niulize ni gari gani lile la mashindano ya zamani lililo pichani, na huku hakuna mtu anayeliangalia gari! Fundi Mkongo kule Kakuma alisifu kofia ya dereva tu. Leo nimempa picha mama mmoja anayeuza mbuzi sokoni. Nikamwonyesha rejeta, nikamwonyesha magurudumu ya spoki. Yeye macho yote kwenye mchanga ulio chini ya gari pichani.

"Mama, tafadhali, angalia gari," nikamwambia.

"Hii gari haijakimbia," akasema. "Imevutwa na punda. Kwato zao ndio hizi, katikati ya alama za magurudumu. Wamefunguliwa, wakapelekwa kando, ndio picha ikapigwa."

Nikabisha, kama ambavyo ungebisha wewe. Akanionyesha kwato moja moja kwa kidole mpaka nami nikaziona. Tena punda mmoja alikuwa anachechemea!

Basi ule ukurasa wa kitabu unachoandika, unaosema gari hili lilivuka Turkana kwa kasi, usiupeleke kwa mchapishaji. Kunywa kwanza dawa ya presha, mkumbatie anti kwa niaba yangu, kisha ukae chini. Miaka mitatu tumegombana mezani kwako kama injini ile ni ya silinda nne au sita. Ni punda wanne.

Akupendaye hata ukibisha,
Rehema