Mbweha Wawili Juu ya Barafu

Hospitalini, kusini
14 Machi 1957

Mwanangu Uviluq,

Hujambo? Mumeo hajambo? Na hilo tumbo linaendeleaje? Mimi kifua kikuu bado kinanisumbua, ila roho nzima. Jua likizama tu, ile nyota yetu ya mbweha wawili inatokea dirishani. Lakini iko juu mno, wala haimetimeti! Huko kwetu Igloolik, kaskazini, inakaa chini, karibu na barafu, unawaona kabisa wanavyopigania shimo, mara anawaka mwekundu, mara mweupe. Wa huku wavivu, wamelala kama wagonjwa.

Daktari anataka kunitoa mbavu mbili ili pafu bovu lipumzike. Nilikataa, leo nimekubali. Nataka kuwaona wakigombana tena. Sifii kwenye shuka za watu.

Mama yako,
Pitsiula

Hospitalini
2 Septemba 1957

Uviluq mwanangu,

Salamu nyingi. Mbavu zimetoka, mimi nimebaki. Natembea ukumbini mara kumi kwa siku, nesi amepiga kelele mpaka amechoka. Lakini hii barua ya tatu, na jibu hakuna! Meli ya kiangazi imeshafika huko. Umejifungua? Mzima? Au umeninunia kwa kuwa sikuja nayo? Sema basi, hata kwa matusi.

Mama yako

Igloolik
20 Novemba 1957

Mama, mama yangu, shikamoo!

Barua zako zote tatu zimeletwa na ndege jana. Nimezisoma usiku kucha. Watu wa meli walitusomea namba za waliofariki hospitalini, na namba ya kibati chako cha shingoni, kile cha serikali, ilikuwamo. Kumbe walikosea! Tulikulilia mwezi mzima. Siku ya nne ya msiba nikazaa msichana, nikampa jina lako ili urudi kwetu. Namwita mama, kama ilivyo desturi. Sasa wazee wanasema jina moja halikai kwa watu wawili walio hai, mmoja atamsukuma mwenzake. Na jina likishatolewa halivuliwi. Naogopa, mama. Nimekuua kwa mdomo wangu. Nisamehe.

Binti yako

Hospitalini
9 Januari 1958

Mwanangu,

Hamjambo wote? Mimi sijambo. Acha kulia, maziwa yatakauka. Hujaniua, nakula uji wao mbaya na kuomba wa pili. Athubutu mtu kumvua mtoto jina!

Jana nesi kaniambia ile nyota yetu ya mbweha, wataalamu wameipima, ni mbili kweli, kubwa na ndogo. Nikacheka: "Mmechelewa, sisi tulizihesabu zamani!" Akasema ile ndogo huioni kwa macho, lakini nzito ajabu, na zinazungukana miaka hamsini kwa mzunguko mmoja, wala moja haijaifukuza nyingine. Waambie wazee hivyo. Wakibisha, nitawajibu mwenyewe.

Daktari alitaka nisubiri meli ya kiangazi. Nikamwambia anipe ndege ya Machi au naondoka kwa miguu. Ametia saini.

Siku hiyo simama mlangoni, uite "mama" kwa nguvu. Tutaitika wawili.

Mama yako, huyu mzee