Safu Niliyoing'oa Nguba

Bukavu, Jumanne

Papa yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa mama. Kikohozi chako kikoje? Dereva wa lori la Luhwindja ameniambia bado unashuka shambani asubuhi na baridi, kwa hiyo umepona, au umekaidi tu. Simu yako haishiki, ndiyo maana naandika, na dereva huyohuyo atakuletea barua. Mimi ni mzima. Chumba changu cha Muhumba kinavuja kidogo, lakini chakula kipo.

Najua hukufurahi nilipoacha sheria na kuingia katika masomo haya mapya ya ekolojia na upangaji wa mandhari. Uliuliza kama siku hizi chuo kikuu kinafundisha kupanda maua, kisha ukanyamaza mpaka leo. Sitabishana. Maua tunapanda pia. Ila zaidi tunajifunza jinsi maji ya mvua yanavyoshuka mlimani, yanabeba nini, na kitu gani kinaweza kuyazuia. Mji huu umejaa miteremko inayoporomoka, basi kazi haitakosekana.

Kwa mazoezi tulipewa mteremko wa Nguba, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, maman Nsimire. Analima maharage pale, na kila mvua inachukua udongo wake kuupeleka ziwani. Alikubali tumsaidie. Mimi nilikwenda kutafuta majani ya kushika udongo, na mwenzangu Glody, aliyekulia Kinshasa, akabaki kupanda. Niliporudi nikakuta amepanda safu nzuri, imenyooka, katikati ya shamba. Mimea yenyewe ni ile ya majani marefu tunayopanda nyumbani kwenye mipaka. Yeye aliipendea rangi yake. Hakuna aliyemwambia kwamba huku ukipanda ile umegawa ardhi.

Shemeji wa maman Nsimire, mdogo wa marehemu mume wake, anadai shamba hilo tangu mazishi. Kesho yake asubuhi tulimkuta amesimama upande wa chini wa safu, anatabasamu.

"Banafunzi ba université balipima muzuri," alisema. "Sasa mupaka inaonekana. Huku chini njo shamba yangu."

"Nani alipima?" maman akauliza. "Hawa batoto balikuja juu ya kuzuia maji ya mvua."

Glody alitaka kung'oa. Shemeji akamcheka. "Wewe mutoto wa Kinshasa, utajua nini ya huku?" Wanafunzi wenzetu wawili waliotoka Walungu walirudi nyuma kabisa, maana wanajua kama unavyojua wewe kwamba anayeng'oa mpaka huitwa mwizi wa ardhi. Profesa wetu, kwa simu, akasema tusubiri kwanza aulize wakubwa zake. Maman Nsimire alikaa chini kwenye maharage yake, akaanza kulia bila sauti. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika hapa mjini. Nikang'oa mmea wa kwanza, kisha yote.

Shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa ule, akaitwa. Alitusikiliza wote bila haraka, halafu akanigeukia.

"Hii mambo iko nguvu, mutoto. Kama ilikuwa tu maua, muzee wa kwenu akuje aseme vile. Mutu haezi kung'oa mupaka bila mukubwa wake kuwa nyuma yake."

Tutakutana tena Jumamosi palepale shambani. Asipofika mtu wa kwetu, safu itarudishwa ilipokuwa, na maman atapoteza nusu ya shamba lake. Nilimwambia shefu utakuja. Sikukuuliza kwanza, na ninaogopa. Profesa atakuja na michoro yake, lakini shefu amesema karatasi haitoshi.

Msalimie dada mkubwa na kichanga chake. Ndugu yako, tonton anayechimba dhahabu, umwambie asiingie shimoni mvua ikinyesha, ingawa hatasikia. Nisalimie pia katekista wetu aliyenifundisha kusoma. Mama umwambie sijakonda.

Papa, sikuombi uyapende masomo yangu. Hayo tutayaongea siku nyingine, au tusiyaongee kabisa. Lakini jana, tukivuna maharage pamoja, maman Nsimire aliniuliza kama kweli nina baba. Nikamjibu ninaye.

Ni mimi binti yako,
Nabintu